Kanda za Mzee Gwalugano Zimehama Zote

Kwanza salamu kwa nyumba ya Mzee Gwalugano Mbonile, maana wao ndio waliotuazima baba yao. Salamu kwako mama Teresia, mke wake, pole na mguu. Salamu kwa Yesaya, mtoto wa kwanza, na mkewe, na kale kachanga ambako hatujakaona. Salamu kwa Imelda uliyeko chuoni, ule vizuri. Salamu kwa bibi kule Ibaba, mama yake mzee, tunasikia bado analima. Sisi hapa ofisi ya usharika Mpemba hatujambo, ila tuna huzuni kidogo na sufuria nne za pilau.

Mzee Gwalugano amefanya kazi hapa miaka thelathini na moja, tangu Juni 1994, na anastaafu Jumatatu tarehe 30 Juni 2025. Haya nayaandika mimi Mama Tumpale, mpishi wa ofisi. Nilimwambia Baba Mchungaji Nathanaeli kwamba mimi niliishia darasa la tano. Akasema, "Andika kama unavyoongea, ila fupisha." Nitajaribu.

Alianza kama mlinzi. Mwaka 2001 wageni walituachia kamera ya video ya kanda ndogo, kanda ukubwa wa kiberiti. Kila aliyeishika ilimtetemekea mkononi isipokuwa yeye, kwa sababu alikuwa amezoea kusimama saa nyingi bila kusogea. Basi akawa mpiga video. Harusi, sendofu za kuwaaga mabinti, kipaimara, sherehe za mavuno, kuanzia Mbozi mpaka Isongole, ni yeye. Hakuwahi kusema amechoka. Alisema betri imechoka.

Kompyuta ilikuja 2009. Kanda zilikuwa zinaota ukungu kwenye makabati ya watu, Mzee akasema zote zihamie humo. Tulidhani ni kama kuweka wimbo kwenye flashi, unabonyeza unaondoka. Siyo. Unaunganisha kamera na kompyuta kwa waya, kamera inacheza kanda, kompyuta inapokea taratibu. Kanda ya saa moja inahama kwa saa moja. Harusi iliyokuchosha mara ya kwanza inakuchosha tena.

Akatupa na sheria: kanda ikihama, kimya, la sivyo sauti zetu zitaingia kwenye harusi ya watu. Tuliamini. Tulivua viatu mlangoni. Anastazia, katibu wetu, aliongea kwa kuandika kwenye karatasi. Mimi nilikoroga chai bila kijiko kugusa kikombe, ufundi ambao sijaona mwingine anao. Baba Mchungaji akisikia chafya inakuja alikimbilia shamba la nyuma, na wapita njia wakazoea mahindi yanayopiga chafya.

Kanda ikishahama, anakata na kuunganisha. Mama mmoja wa Isongole alitaka wifi yake aondolewe kwenye harusi nzima. Mzee alimwondoa kwa siku tatu, kipande kwa kipande, ila ukabaki mkono wenye sahani ya ndizi unaopita nyuma ya bwana harusi. Wifi aliutambua kwa bangili. Wakaja wote wawili kulalamika, wakaondoka wamepatana, wanamsema yeye.

Sasa kanda yangu. Ni sendofu ya mwanangu Tumpale, mwaka 2004, kabla hajaolewa Ndola, ng'ambo ya mpaka. Kila Krismasi ananiuliza, "Mama, ile kanda vipi?" Na mimi ninayeshinda ofisi moja na Mzee nilikuwa naogopa kuitoa kabatini isije ikaharibika njiani. Mwezi huu nikasikia anahamia Ibaba na kamera yake, ambayo ni ya mwisho huku kwetu inayocheza kanda zile, nikaitoa. Imejaa ukungu. Aliitazama kwenye mwanga akasema, "Mama Tumpale, hii itacheza mara moja tu. Na kamera yenyewe hivyo hivyo."

Sikulala vizuri siku mbili alizokuwa anaisafisha. Jumanne wiki hii tukaanza. Viatu mlangoni. Nilikaa mbali, leso mdomoni. Dakika ya arobaini nikakohoa. Kilikuwa kikohozi cha moshi wa jikoni wa miaka kumi na tisa, kilitoka chote. Nikajua nimemharibia mwanangu siku yake. Nikalia, na kwa kuwa kilio nacho kina sauti, nikaona nazidi kuharibu, nikalia zaidi.

Mzee akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Nyamaza, mama. Haiingii."

"Nini haiingii?"

"Sauti ya humu. Inayoingia ni ile ya kwenye kanda, inapita kwenye waya. Nilijua mwaka 2012, nilipoangusha stuli."

Anastazia akaweka karatasi yake chini. "Miaka kumi na tatu, Mzee?"

"Mlikuwa mmetulia vizuri. Nikaona nisiwasumbue."

Baba Mchungaji alikuwa ndiyo anaingia kutoka shambani, ana jani la mhindi begani. Akasema hili wataliongea Jumatatu. Mzee akamkumbusha kwamba Jumatatu anastaafu.

Kanda ilicheza mpaka mwisho. Nikamwona Tumpale wangu ana miaka ishirini na mbili, na mimi nimesimama mbele ya watu natoa neno la mama, dakika kumi na nne. Miaka yote nilidhani nilimpa mausia mazito ya ndoa. Kumbe nilikuwa namwambia ukivuka mpaka nijulishe, ukifika nijulishe, ukipewa maji ya kunywa nijulishe. Mzee hakukata hata dakika moja. Alisema, "Hiyo ndiyo sendofu yenyewe." Tumpale ameipokea kwenye simu Alhamisi, anasema wanawe sasa wananiigiza mezani.

Asante, Mzee wetu. Wapo watu Mbozi na Ileje wanaowaona wapendwa wao wakicheza na kucheka kwa sababu ulikaa kwenye stuli saa nzima kwa kila saa yao. Kimya tumekusamehe, Baba Mchungaji anasema bado kidogo. Tunakuombea afya, viazi utakavyolima vikubali, mgongo upumzike. Jumanne asubuhi ukiondoka, kamera uipakate, usikubali iwekwe juu ya gari. Ukipita Isongole tujulishe. Ukifika Ibaba, kabla hujakaa, tujulishe. Usingoje Jumapili, mimi moyo wangu unaujua.