Alama Nyekundu Msituni

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki mlangoni tena, na wewe kitinda mimba acha kunipepea, unanikatisha.

Nyumba hii ni ya dada yenu, kwa sababu ndiye aliyebaki akichota maji, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, dumu kichwani, na hakunisimanga hata siku aliponikuta nimeoga maji aliyoyatenga ya kupikia. Shamba la bondeni na pipa la mvua ni vya kitinda mimba, asiviuze. Maji yatumieni nilivyowafunza: yaliyoosha mchele yaoshe vyombo, ya vyombo yaoshe miguu, ya miguu yapewe miche, na mjukuu wangu anayelalamika kwamba miguu yake inanuka vitunguu, mwambieni yangu imenuka miaka ishirini na hakuna aliyekufa.

Sasa sikilizeni linalonikaba. Tangu chemchemi ikauke mnamlaumu baba yenu mdogo, kwamba ndiye aliyewaonyesha wakata miti njia. Mnampita barabarani bila salamu, mmembandika jina la Msumeno. Si yeye. Ni mimi. Wale watu walikuja na kopo la rangi nyekundu, wakipaka alama kwenye mashina, nami nikadhani wanapima njia ya bomba la maji tuliloahidiwa. Nikawapikia chai, nikawapeleka mpaka chemchemini, na mivule miwili waliyoiruka nikawaonyesha kwa kidole changu hiki, ili bomba lisije likapinda. Wiki ya tatu yakaja malori.

Nilitaka kusema. Baba yenu mdogo akanizuia: "Nyamaza, shemeji. Wewe una watoto wa kuchekwa shuleni, mimi nina masikio tu." Nikanyamaza, kisha nikazoea kunyamaza, na hilo ni kosa kubwa kuliko la kidole. Nisameheni, lakini kwanza mwombeni yeye msamaha.

Yuko uani tangu asubuhi, na hakuna aliyempa kiti. Siku nitakapooshwa, maji yangu achote yeye, na mtu yeyote asimpokonye ndoo. Mungu awape maji karibu na mlango, awape na ulimi mwepesi kuliko wangu... Mmenilea vizuri, wanangu. Mmenilea...

Nenda, binti yangu, mlete ndani. Mwamkieni mmoja mmoja, polepole. Nataka kusikia.