Nani Atanuswa Pamoja na Lagu?

Benchi letu pale mtaani Kator ni ubao wa stima ya mtoni iliyokufa, umelazwa juu ya mawe mawili mbele ya Teresina, mwanamke ambaye kahawa yake ya tangawizi ingeweza kuamsha hata ile wizara inayoniambia kila wiki nirudi wiki ijayo. Amani imekuja, serikali ya mkoa imekuja, magari yamekuja. Kazi yangu bado iko njiani. Basi nakaa na wenzangu. Yuko Pitia, tunamwita Kampala, maana huko Kampala uhamishoni hakuna jambo ambalo hakuliona. Yuko Ezbon, Wakili, aliyewahi kuwa mkalimani wa mahakama. Yuko Gune, Padri, aliyetoka seminari kabla upadri haujamwona. Mimi ni Digrii. Jioni hiyo tulikuwa na kesi. Mwenzetu Lagu, seremala, alikunywa siko, ile pombe kali ya muhogo, akamvua polisi kofia, akaivaa, akasimama njia panda kuongoza magari. Gari la mkubwa mmoja aliliamuru lipinde kushoto, na kushoto ni mtoni. Sultani, yaani chifu wetu anayeamua kesi, hakumfunga. Alisema Lagu aache pombe na alete mdhamini. Kila asubuhi wote wawili waende kituoni, shawish, yule sajenti wa polisi, awanuse midomo. Mmoja akinuka, wote jela miezi sita. Jina la mdhamini litoke kabla jua halijazama, la sivyo Lagu anaingia peke yake.

— Jina tusilikimbilie, akasema Wakili. Kwanza tuponye ugonjwa. Mtu akishapona, mdhamini wa nini?

— Kweli, ya akhi! akadakia Kampala. Kule Kampala mimi naliona mulevi wanamuponya na mjusi.

— Mjusi?

— Mjusi muzima! Wanatia ndani ya chupa ya waragi. Mulevi nainua chupa, mjusi namwangalia. Anatapika mpaka jina ya babu yake. Kalas!

— Lagu huyu tunayemjua? nikasema. Atamwambia mjusi, karibu ndugu, kunywa, iko ya kutosha.

— Digrii, wacha mudomo. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Methali hiyo imeingiaje hapa?

— Mjusi si nakwenda pole?

Wakili akakohoa kile kikohozi chake cha mahakamani.

— Kosa liko kwenye sheria. Inakamata mnywaji, inaacha kinywaji. Mimi ningemkamata Rebecca anayepika siko.

— Rebecca! Padri akashtuka, kahawa ikamwagikia goti lake. Mjane wa watu!

— Basi tukamate muhogo. Askari wasimame shambani. Muhogo ukichomoza tu, pingu.

— Pingu utaifunga wapi? nikauliza. Muhogo una mikono?

— Ndiyo maana nchi haiendi. Ninyi wasomi mnaona matatizo tu.

— Msikilizeni mtu wa Mungu, akasema Padri. Lagu tumvishe kengele shingoni, kama ng'ombe. Akielekea kwa Rebecca, tunaisikia.

— Na akijigeuza kitandani?

— Watu wataamka wasali. Kator yote itaokoka kwa koo la mtu mmoja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na kengele.

Hapo nikawaka.

— Gentlemen, please! Wenzetu duniani mlevi aliyekamatwa hawamvishi kengele. Wanakaa naye. Wanamwuliza, unakunywa saa ngapi, na nani, ukiwa umeudhiwa na nini? Halafu wanamsaidia aipange jioni yake upya, kidogo kidogo. It is a science!

— Kuuliza tu? akasema Wakili.

— Kuuliza, na kusikiliza.

— Na serikali inamlipa mtu kwa kazi hiyo?

— Inamlipa.

— Na wewe ulisomea?

— Nilisoma vitabu vyake mpaka macho yakauma!

— Mabruk, hongera. Basi tumeshapata mdhamini.

Ghafla kahawa ikawa ya moto sana, nikaiweka chini. Nikasema heshima hiyo inamfaa Wakili, mzoefu wa mahakama.

— Mimi? Mtu wa sheria hanuswi hadharani. Padri je?

— Mimi kuna divai ya misa.

— Divai anakunywa padri, na wewe ulitoroka!

— Naweza kurudi. Nani ajuaye njia za Mungu?

Tukamgeukia Kampala.

— Mimi iko na jino mubovu, akasema, akafunika mdomo. Shawish atapotea kabisa. Malesh, samahani.

Ndipo akatokea shawish Lomoro, akisukuma baiskeli, na Lagu kando yake. Lagu alikuwa ameoga, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni.

— Ee, mkuu wa trafiki! akaita Padri. Leo kofia umemwachia mwenyewe?

Lagu hakucheka.

— Jua ile, akasema shawish, akaonyesha kwa kidevu. Leteni jina.

— Wakubwa, akasema Lagu, mimi nataka kuacha. Asubuhi naweza, niko na mbao. Mchana naweza. Jioni ndiyo inanishinda. Sitaki dawa. Ni hii tu nauliza: jioni, kati yenu, nani atakaa na mimi?

Padri akafuta goti lake, mimi nikachungulia kikombe changu. Hata Kampala hakuwa na Kampala ya kutuambia.

Teresina akainamisha birika lake. Yakadondoka machicha matupu.

— Kahawa imekwisha.

Siku zote neno hilo hutuinua kama kengele ya shule na kututupa ng'ambo ya barabara, kwenye siko ya Rebecca. Wakili akasimama, akakung'uta suruali, akapiga hatua moja. Halafu akagundua kwamba yeye peke yake ndiye amesimama. Lagu alikuwa akimtazama bila hasira, kama seremala anavyotazama ubao kujua kama umenyooka.

Wakili akarudi kukaa.

— Teresina, chemsha nyingine.

— Nimesema imekwisha.

— Basi chemsha maji.

Shawish Lomoro akaegemeza baiskeli yake.

— Jamaa, maji ya moto si jina.

— Tunajua, shawish, akasema Wakili, akisogea ili Lagu apate pa kukaa. Ngoja kwanza yachemke.