Swali la Kila Asubuhi

Sogeeni, wanangu, Karimu, nawe Houda keti hapa karibu na kichwa, maana pumzi zangu zimekuwa za kuhesabika na daktari hakunificha. Namshukuru Mungu kwamba nafia kitandani kwangu hapa mtaani Buyenzi, katika mwaka huu ambao mabomu yanashuka toka milimani na wengine hawapati hata wa kuwafumba macho.

Mali yangu ni ndogo, haina ugomvi. Nyumba ni ya mama yenu mpaka siku yake. Karimu, spana zote na jeki ni zako, garaji usiiuze. Houda, wewe umerithi kazi yangu, unafundisha umakanika katika chuo kilekile nilichozeekea, basi wewe nakuachia neno, na neno hilo ni zito kuliko jeki.

Mmesikia watu wakinisifu kwamba darasa langu halisinzii, na ni kweli. Sikuanza na ubao hata siku moja. Kila asubuhi nilimwuliza kila mwanafunzi: umetoka mtaa gani, na njiani umeona gari gani limekwama? Akieleza, wenzake wanautafuta ugonjwa wa gari hilo, huyu anasema kabureta, yule anasema betri, wanabishana mpaka mimi wananisahau, na hapo ndipo mtu anapojifunza, kwa sababu anayesikiliza tu huyaacha yote mlangoni.

Vita ikaja. Kufika mwaka wa tisini na tano mitaa ilikuwa imeshagawanyika, na kutaja mtaa wako kulikuwa sawa na kutaja kabila lako. Mwalimu mwenzangu Adolphe akanifuata, akaniambia, "Yahaya, acha lile swali, litaua mutu." Nikamwita mwoga, na tangu siku ile hatujasalimiana, miaka minane sasa. Nilijidai kwamba darasani kwangu vita haiingii. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema, lakini guu lililovunjika halikuwa langu.

Kulikuwa na kijana mmoja, Ildephonse, mpole, hodari wa injini kuliko wote. Asubuhi moja akajibu, "Mi natoka Buyenzi, mwalimu." Nami, kwa ile tabia ya kusahihisha, kama vile amekosea jina la kifaa, nikasema mbele ya wote, "Apana, we unatoka Kamenge, mama yako Dévote nanunuaka maharage kwake pale sokoni." Buyenzi tulikaa makabila yote, lakini Kamenge ilijulikana kwa kabila moja, lile lililokuwa likiwindwa mjini. Akanitazama, hakunikasirikia, akainamisha kichwa, nami nikaendelea na somo. Jioni hiyo walimngojea njiani wakamwua, na wawili kati yao walikuwa wanafunzi wangu, wa benchi la mbele, waliokuwa wakibishana vizuri kuliko wengine.

Mama Dévote sasa anakaa Carama. Kila Idi ananiletea maharage, ananiambia, "Mutoto wangu alikupenda, mwalimu, ni darasa lako tu alikuwa anatusimulia nyumbani." Miaka minane nimeyala maharage yale nikanyamaza. Naona aibu, wanangu, aibu kubwa.

Houda, uliza maswali, waache wabishane, usiue darasa kwa hofu. Lakini usimtolee mtu hadharani kile alichokificha ili aishi. Ukisikia uongo darasani, jiulize kwanza uongo huo unamlinda nani. Na wewe Karimu, nenda kwa Adolphe, mwambie haki ilikuwa yake, nami nilikuwa na kiburi.

Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Mtanizika kabla ya alasiri. Mama Dévote atakuja, hawezi kukosa, na atataka kusimama aniseme vizuri mbele ya watu. Msimruhusu. Houda, mchukue pembeni kwanza, mshike mkono, mwambie yote, na yale maneno yangu ya darasani kama nilivyoyasema. Msiniombee msamaha kwake, huo si mzigo wa kumtwika. Akilia, kaeni naye. Akinilaani, mwacheni, msimjibu... Akitaka kuondoka, msindikizeni mpaka mlangoni kwake, njia si salama.

Radhi zangu mnazo, nyote wawili. Mungu awa... awalinde. Houda, umesikia? Kabla hajasimama. Kabla hajanisifu.