Sauti ya Kiwandani

Injini ya Kosta ilinguruma, lakini Renatha aliwasikia wanaume wawili wa kiti cha pembeni kwa macho. Enzi alipokuwa akifuma kiwandani, kelele za mitambo ziliwafundisha wafanyakazi kusomana midomo. Sasa alikuwa ametoka kijijini Ijumbi kwenda kuomba kazi yake ya zamani, kwani alisikia kiwanda cha nguo kitafunguliwa tena.

"Kitafunguliwa, mzee wangu. Watu wanafunga na kusali," alisema kijana.

Mzee akacheka. "Wasali tu. Mungu atafuma kwa mitambo ipi? Yote tuliipakia melini bandarini Kemondo juzi, ikauzwe chuma chakavu."

"Wewe mzee hupendi heri!"

Renatha akaibana rozari yake kiganjani. Kosta ikasimama Hamugembe, kituo cha kiwanda.

"Wa kushuka kiwandani mpo?" konda aliuliza.

"Tupo!" akaitikia Renatha, kwa sauti iliyozoea kuishinda mitambo. Wale wawili wakageuka.