Mita Iliyomsingizia Kitwana

Sogeeni hapa kitandani, wanangu, Mikdad kaa upande huu, na wewe Mwanamkasi niletee ile mita yangu ya kupimia umeme, yenye namba nyekundu, mliyoikuta mezani kabla hamjaanza shule.

Mnaikumbuka betri ya kipaza sauti cha msikiti wetu hapa Kaole? Aliiuza Kitwana, fundi mwenzangu, nami nikaipima mbele ya watu, ikasoma kumi na moja nukta nane badala ya kumi na mbili na ushei, nikatangaza kwamba ametuuzia betri iliyochoka. Akaniuliza, "Mwalimu, na hiyo mita yako imepimwa na nani?" Watu wakacheka. Nikamjibu, "Namba haina utani." Mwaka uleule akahamia Lugoba, na huu wa kumi na tisa hatujaamkiana.

Mwaka jana mita ilizimika. Nikaifungua taratibu, nikakuta kapasita, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, imevimba, nikachomelea mpya, namba zikarudi zikielea kiooni kama ninavyoziona sasa zikielea darini... msiniamshe kwanza. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Bagamoyo mwenye mita iliyohakikiwa, tukapima betri moja kwa mita zote mbili: yake ikasoma kumi na mbili nukta sita, yangu kumi na moja nukta nane. Nikakumbuka. Zamani, nilipokuwa naisawazisha, nilizungusha skrubu ndogo ya ndani mpaka ikasoma moja na nusu kwenye betri mpya ya tochi, kwa kuwa ganda limeandikwa hivyo, kumbe betri mpya huzidi hapo kidogo, na tangu siku hiyo mita ikawa inapunja kila kipimo. Miaka thelathini nawakataza watoto kunakili jibu, na mimi nikanakili ganda.

Mita nimeirekebisha. Kwa Kitwana sikwenda, niliona haya.

Nyumba na minazi gawaneni kama sheria inavyosema, bila kununiana. Mita haimo. Pandeni gari la Msata leo hii, muunganishe hadi Lugoba, mumwamkie kama baba yenu, mumpe, mumwambie betri yake ilikuwa nzima na mimi namwomba radhi ningali napumua. Akikasirika, msimjibu. Na siku ya kunizika, watakapoulizwa watu nani anamdai marehemu, wewe Mikdad useme haya kwa kipaza sauti kilekile, maana nilimvunjia heshima hadharani.

Mimi ni radhi nanyi, wote wawili. Mola awape macho ya kujikagua wenyewe kwanza...

Mwanamkasi, iwashe. Gusanisha ncha zake... Inasoma ngapi? Sufuri?

Sawa... ncha zikigusana ndivyo inavyotakiwa. Izime, mwanangu. Ibakize nguvu... ifike Lugoba.