Wekulo Nalianya, Aliyesikiliza Chini ya Ardhi (1941–1987)

Mimi ni Lenah Nanyama, dada mdogo wa marehemu. Nimeombwa nisome bila kulia. Nitajaribu.

Ndugu yetu Wekulo Nalianya alizaliwa tarehe 12 Machi 1941 hapa hapa Kimilili, kifungua mimba wa marehemu Mzee Nalianya na Mama Nafula. Alisoma hapa hadi mwaka wa 1957, baba alipofariki. Mwaka wa uhuru alienda Nairobi, akapanga chumba Laini Saba, Kibera, karibu kabisa na reli. Treni ikipita vikombe vilicheza mezani. Wekulo aliweka kiganja sakafuni, akasema, "Hii ni ya mizigo." Majirani walimcheka, nami nilimcheka.

Mwaka wa 1968 aliandikwa na kikosi cha wanajiolojia. Walilipua baruti ndani ya ziwa, mtikisiko ukashuka kilomita thelathini na kitu, mpaka pale ganda la dunia linapokomea na mwamba mzito wa chini unapoanzia, kisha ukarudi juu. Kazi ya Wekulo ilikuwa kuzika vipokezi ardhini, mbali sana na ziwa, ili viunase. Na kwa kuwa vipokezi hivyo hunasa hata ng'ombe akitembea, alipita vijijini kwanza, akiwaomba watu watulie. Hapo ndipo alipopata mke.

Siku hiyo, karibu na Machakos, karatasi ya mashine iliyochora mitikisiko ilijaa mapigo. Wekulo alifuata sauti, akamkuta Mbinya, binti ya Mzee Muia, akitwanga mahindi ya muthokoi.

"Dada, hebu simamisha hicho kinu!"

"Kwani natwangia kichwani kwako?"

Alipomwonyesha mapigo yake kwenye karatasi, Mbinya aliangua kicheko. "Kumbe mashine imenisikia kabla yako!"

Wakubwa wake walifoka sana, maana mlipuko mzima ulikuwa umepotea bure. Yeye alirudi kwa Mzee Muia na washenga. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1969, wakahamia Kawangware. Alitengeneza redio pale kituo cha basi cha 56 hadi kikosi kiliporudi mwaka wa 1985 na kumchukua tena. Miaka hiyo yote Mbinya alitwanga uani, na Wekulo, kiganja sakafuni, alimwita kutoka ndani, "Mama Nalianya, nimekupata!" Wapangaji wenzao wa Kawangware wako hapa, waulizeni.

Mwaka jana kiharusi kilimnyang'anya ulimi na mkono wa kulia. Basi Mbinya akitwanga, yeye aligonga ubao wa kitanda kwa mkono wa kushoto. Ndivyo walivyozungumza. Mwezi uliopita alizidiwa, akalazwa. Wodini hakuna kinu. Alifariki Jumatatu tarehe 9 Novemba 1987, kabla hatujafika. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alituambia Wekulo alikuwa akigonga tangu alfajiri, akinyamaza kidogo, akigonga tena. Hakuna aliyemjibu. Jamani, inauma.

Ameacha mjane, Mbinya. Watoto, Nalianya, Nekesa na Wabwire. Mimi dada yake. Na Mzee Wakoli, baba yetu mdogo.

Yanayofuata hayako kwenye karatasi zenu. Tangu Jumatatu wifi yangu anaomba kitu kimoja tu: amjibu mume wake. Lakini katika ukoo wetu, penye msiba hapatwangwi. Wazee walikataa. Niliwapandishia sauti, na sijutii. Leo asubuhi Baba Wakoli amesema: kaburi likishafukiwa, mapigo matatu, basi.

Kwa hivyo tukimaliza kufukia, msitawanyike. Watu wa Kibera, watu wa Kawangware, shikeni watoto. Dereva wa basi, uzime injini. Mtu asisogeze hata mguu. Wekulo aliwaomba watu hivyo vijiji vingapi, na wengi wakamwona mwendawazimu. Leo tumpe.

Mwana wa Nalianya, lala kwa amani. Wifi, ukiwa tayari, mjibu.