Miaka Kumi na Minne ya Kumtafuta Kiwavi

Wasikilizaji wapendwa, leo nazungumza kwa sauti ya chini kidogo. Tunamkumbuka mama aliyetunza droo za wadudu kule makumbusho. Wenzake walimwita Mama Vipepeo. Alituacha Jumanne. Jumanne, wasikilizaji, asubuhi.

Maelfu ya vipepeo walipita mikononi mwake. Moyo wake ulikuwa kwa mmoja: mdogo, wa kahawia, kichwa kipana, vipapasio vyenye ncha zilizopinda kama ndoana. Huyu hapepei kwa madaha. Anachomoka tu, fyuu, hata humwoni. Ukimwita nondo mbele ya mama, ulikiona cha moto!

Pale makumbusho hakuna aliyejua kiwavi wake anakula nini. Mama alimtafuta miaka kumi na minne. Kumi na minne! Kila Jumamosi msituni, anarudi na matope hadi magotini, mikono mitupu. "Nataka nimwone akigeuka kipepeo na kutoka kabla sijafa," alikuwa akisema.

Binti yake ameniambia: "Jumamosi zote za utoto wangu nilimkosa mama. Nikawa natunza mitangawizi yake ya uani, akirudi afurahi. Jani likijikunja nalikata, nalitupa. Nilidhani ni ugonjwa."

Mwezi uliopita mama, hoi kitandani, alimwona binti uani kupitia dirisha.

"Unafanya nini, mwanangu?"

"Natoa mabovu, mama. Kama kawaida."

"Hebu lete hilo."

Akalifunua taratibu. Kiwavi huyo! Amelikunja jani, amelishona kwa nyuzi zake, amejifungia ndani. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akalia. "Wewe hukujua," akamwambia binti. "Na mimi sikuwahi kukaa nawe uani."

Wakamweka kwenye chupa kando ya kitanda, pamoja na majani mabichi. Akala, akanenepa, akajifunga ageuke kipepeo. Kila asubuhi mama aliuliza, "Bado?" Jumanne pia aliuliza. Bado.

Baada ya mazishi, chupa ilihamishiwa jikoni. Ijumaa kipepeo akatoka. Ndiye hasa, ndoana na yote.

"Nilikimbia chumbani," binti anasema, "naita, mama, mama, ametoka! Nikakuta kitanda kimetandikwa."

Kwako binti, na kwenu wenzake wa makumbusho: poleni, poleni sana. Nasi tuliobaki, tujiulize: nani yuko nyumbani sasa hivi, anafanya jambo kwa ajili yetu, na hatujawahi kukaa naye tukamtazama? Mimi nikitoka hapa studio, naenda kwa mama yangu.